Nilipokuwa Mbrazili Fordsburg

Wanangu, mtu akiwauliza mzee wenu alikuwa akifanya kazi gani hapa Johannesburg, mwambieni alikuwa Mbrazili. Msione haya. Kazi hiyo nimeifanya mpaka nimestaafu, na kama ingekuwa na pensheni ningekwenda kuidai ubalozini kwao. Brazil yenyewe sijaikanyaga. Nilitoka Tanga na begi la viatu vya mitumba nikafika Jozi, na tangu hapo, kwa upande wa magharibi, sijavuka Fordsburg isipokuwa siku tuliyokwenda Roodepoort kuzika.

Najua wengi wenu Kiswahili mnakisikia tu, mkijibu mnajibu kwa Kizulu. Basi anayeelewa amsomee mwenzake. Nimeamua kuandika kwa sababu juzi niliwasikia sebuleni mmefungua laptop, mnabonyeza, samba inatoka yenyewe na ngoma zake zote, na mmoja wenu akasema siku hizi muziki huu hauhitaji mtu. Nilicheka mpaka kikohozi kikanipanda. Kabla ya hicho kitufe chenu, kitufe kilikuwa mimi.

Ilianza hivi. Nilikuwa nauza viatu chini ya ghorofa moja pale Fordsburg, kando ya duka la vitambaa, na juu yetu kulikuwa na studio ya kijana mmoja, Thabo, fundi wa kurekodi. Siku moja akashuka kutafuta watu wa kumbebea kinanda. Nikabeba. Kufika juu nikaona tari limetundikwa ukutani, na sisi tulioinukia kwenye maulidi hatuwezi kuliona tari ukutani tukapita. Nikalishusha, nikapiga kidogo, kile kipigo cha nyumbani, huku mikono bado inauma kwa kinanda.

Thabo akatoka kwenye chumba chake cha vioo, akaniita kaka kwa lugha yake. "Eish, bhuti. Hiyo ni pandeiro, ya Brazil. Kupiga hivyo umejifunza wapi?"

Nikamwambia nyumbani. Yeye hakuuliza nyumbani wapi, na mimi sikuwa na haraka ya kumweleza.

"Na samba unaiweza?"

Sikilizeni, mgeni katika mji huu akiulizwa kama anaiweza kazi, anaiweza. Nilimwomba wiki moja tu, nikasingizia kwamba mikono imechoka. Nikaenda bazaar, nikanunua santuri moja ya samba kwa muuza vitu vya zamani, pamoja na mashine ya kuichezea, nikajifungia chumbani kwangu Berea. Wenzenu wa leo husema walifundishwa na fulani na fulani. Mimi mwalimu wangu alikuwa santuri, na alikuwa na mkwaruzo mrefu pale mwanzoni. Sindano ikifika kwenye mkwaruzo inaruka. Basi nikawa naishusha baada ya ule mkwaruzo, na kila nikiishusha, kitu cha kwanza kunifikia kilikuwa kishindo cha ile ngoma kubwa wanayoiita surdo. Sasa mtu wa Tanga akisikia kishindo cha kwanza, anahesabu moja. Nyie mngehesabu ngapi?

Shikeni hilo, maana ndilo lililonipa kazi na ndilo lililokaribia kuharibu kitu cha mtu niliyempenda. Samba hutembea kwa hesabu ya watu wenye miguu miwili: moja, mbili, moja, mbili. Jaribuni mezani. Kwenye moja gonga kwa kidole. Kwenye mbili teremsha kiganja kizima. Hapo ndipo samba inapokanyaga, kwenye mbili. Mimi, kwa heshima ya mkwaruzo, nilikanyaga kwenye moja, na kwa nguvu zangu zote, kwa miaka yote niliyokuwa Mbrazili.

Hakuna aliyegundua, na angegundua nani? Thabo alikulia Soweto, wapiga saksafoni walikuwa wa Soweto na Eldorado Park, na wasikilizaji walikuwa watu wanaokula kamba hotelini. Muziki wetu ulikuwa wa kusaidia chakula kiteremke. Samba kidogo, jazz kidogo, hakuna anayeimba, kwenye jalada kasuku na ufukwe. Jina langu lilikuwa Tonho, kutoka Bahia. Mara moja mke wangu, Mwanaidi, alilikuta jalada nyumbani akauliza huyu Tonho ni nani anayetuletea chakula. Nikamwambia ni rafiki yangu, mtu wa watu.

Lakini msidhani kwamba mtu mwongo hafanyi kazi. Mwongo anafanya kazi mara mbili. Nilijifunza kwamba ukitaka kayamba la kopo litoe sauti laini kwenye maikrofoni unatia mchele, si maharage, na kwamba kopo hilo haliachwi jikoni, kwa maana Mwanaidi aliwahi kuipika zana yangu ya kazi na tukaila. Nilijifunza kuvua saa na kutoa funguo mfukoni kabla ya taa nyekundu kuwaka. Nilijifunza kwamba pigo la mwisho si mwisho. Unakaa kama uliyepigwa picha mpaka sauti ife yenyewe na Thabo ainue mkono. Na kwa kuwa msikiti ulikuwa karibu, nilijua kupanga nyimbo baina ya adhana na adhana, kwa sababu vioo vya Thabo vilizuia magari, adhana havikuizuia.

Nilijifunza kuhusu ngozi pia. Kwetu pwani ngozi inakunywa unyevu wa hewa ikalegea, ndiyo maana kabla ya shughuli ngoma hupashwa moto, na mpaka leo sijui mpigaji wa kwetu asiyefanya hivyo. Basi asubuhi moja ya baridi ya Julai nikaliweka tari la Thabo, lile lililotoka Brazil kweli, mbele ya hita, nikaenda kunywa chai. Nilisahau kwamba hewa ya Jozi wakati wa baridi ni kavu hata midomo inapasuka, sembuse ngozi. Ilikatika kwa mlio mmoja: paa! Studio nzima ikalala chini. Huu ni mji ambao mlio wa namna ile haumngoji mtu aulize. Thabo alipotambaa akatoka chini ya meza na kuona ni ngoma, alikasirika zaidi kuliko kama ingekuwa risasi. Kwa hiyo, wanangu, hapa wakati wa baridi ngozi haipashwi moto. Inapanguswa kwa ndani na kitambaa chenye unyevu, halafu unaingoja.

Kuna ngoma nyingine inaitwa kuika. Ina kijiti kimefungwa katikati ya ngozi kwa ndani. Unakisugua kwa kitambaa kibichi nayo inalia, inacheka, inalalamika. Nilikuwa nafanyia mazoezi Berea. Siku ya tatu Gogo, yule bibi wa mlango wa pili, akaja na wenzake wawili kunitaka nimwachie mbwa. Nikaitoa nikamwonyesha.

"Kwa hiyo mbwa hayupo?" akauliza.

"Hayupo, Gogo."

Akaitazama, akanitazama na mimi. "Afadhali angekuwepo," akasema, akaenda zake.

Sasa nije kwa Kalenga. Mnamwita Papa Kalenga, yule fundi cherehani aliyewashonea suti zenu za kwanza. Kwao Lubumbashi. Kabla ya kufika hapa alikaa Luanda miaka mingi, Kireno anakijua. Mchana alishona, Jumapili alipiga kinanda kanisani kwake, na katikati ya wiki tulipanda wote kwa Thabo kurekodi kasuku na fukwe. Lakini alikuwa na nyimbo zake. Alizitunga moja moja kwenye kinanda cha kanisa, samba ndani ya jazz, na mimi nikimpigia ngoma juu ya benchi. Nyimbo hizo hazikuwa za kuteremshia chakula. Mara ya kwanza kuzisikia zote mfululizo nililia, nikamwambia ni vumbi la vitambaa.

Halafu vidole vikaanza kumkataa. Baridi yabisi. Daktari alimwambia wazi kwamba vitaendelea kujikunja, na kwamba dawa zitapunguza maumivu tu. Kalenga alikuja moja kwa moja kwangu kutoka kliniki, akakaa kwenye kiboksi cha viatu, akasema kwamba anataka kitu kimoja tu: arekodi nyimbo zake, kwa jina lake mwenyewe, kabla mikono haijafunga. Si Tonho, si kasuku. Thabo alipoambiwa alifunga studio siku mbili kwa ajili yake.

Katika siku hizohizo mwanamke mmoja alipeleka sketi kwa Kalenga ili ipanuliwe kiuno. Jina lake Luzia, mpiga ngoma, Mbrazili wa kuzaliwa, amekuja kufundisha watoto wa shule moja hapa mjini. Walizungumza Kireno mpaka sketi ikasahauliwa. Kalenga akamwomba aje kwenye rekodi, na akanijia anang'aa uso mzima kunipa habari.

Nilimwambia nimefurahi. Ukweli ni kwamba moyo ulinishuka mpaka kwenye viatu. Mtu amekuwa Mbrazili peke yake mjini miaka yote hiyo, halafu analetewa Mbrazili.

Siku ya kwanza ilikuwa baridi ya kukata masikio. Luzia aliingia, mama mfupi mwenye mabega ya mpishi wa shughuli, akatusalimia kwa kutukumbatia wote, akaketi kusikiliza. Tukaanza wimbo wa kwanza wa Kalenga. Mimi kwenye surdo kubwa, nimeketi kama bwana harusi. Hatukufika mbali. Luzia aliweka mikono kichwani, akasimama, akasema maneno mengi ya Kireno huku akipiga ukuta kwa kiganja.

Kalenga akamsikiliza mpaka mwisho, akanigeukia, akaniita mzee kwa kile Kifaransa chao. "Vieux, anasema iko muzuri. Anaomba tu upunguze kidogo."

Nikapunguza. Luzia akasema tena, safari hii kwa urefu zaidi, na katikati akacheka akajifuta machozi.

"Anasema sasa iko muzuri zaidi," akasema Kalenga. "Anauliza kama hiyo ngoma kubwa inaweza kupumzika."

"Mwambie samba ya mji huu ni mimi," nikamjibu.

Kalenga akamwambia neno fupi sana, na yule mama akaniinamia kwa heshima. Mpaka leo sijaambiwa neno hilo lilikuwa nini. Kisha akasogea, akaichukua fimbo mkononi mwangu kama mtu anayemnyang'anya mtoto kisu, akapiga: kidogo kwenye moja, kishindo kwenye mbili. Nikaichukua tena, nikapiga yangu. Akaichukua. Nikaichukua. Asubuhi yote ikapotea hivyo, wazee wawili tunapokonyana fimbo, na mimi nikiwa na hakika kwamba huyu mwanamke hajui ngoma za kwao. Ndiyo, nilifikiri hivyo. Mtu akiishi ndani ya uongo muda mrefu anaanza kuudai kodi.

Adhana ya adhuhuri ikalia, nikaondoka kwenda kusali. Niliporudi nilimkuta Thabo kwenye ngazi, amekunja mikono. Alikuwa ameshaanza kuniita Mkhulu, yaani babu, siku hizo.

"Mkhulu, kamwangalie mwenzako," akasema. "Ninyi mnapigania ngoma. Yeye anapigania vidole."

Kalenga alikuwa ameketi mbele ya kinanda, mikono yote ndani ya beseni la maji ya moto. Luzia alikuwa amepiga magoti pembeni yake akimsugua viganja ndani ya maji. Hakuniangalia. Nikavuta kiti.

"Huyu mama ana wazimu?" nikamuuliza Kalenga kwa sauti ya chini.

"Hapana. Ana haki."

"Ana haki vipi?"

"Samba inapiga kwa mbili, vieux. Wewe unapiga kwa moja."

"Umejua leo?"

"Nilijua tangu siku ya kwanza. Mi niliishi Luanda. Samba ilikuwa kwa radio kila siku."

Wanangu, niliona haya, nikaona hasira, na sikujua nianze na lipi. "Miaka yote hii, na hukuniambia!"

"Nikuambie, halafu? Ungeacha. Mi nilitafuta mupiga ngoma, sikutafuta mwalimu." Akatoa mkono mmoja kwenye maji, akautazama, akaurudisha. "Nyimbo zangu zote nimetunga juu ya kosa yako. Zinasimama palepale. Nikitoa kosa, zinaanguka. Nikiacha vile iko, haiko samba."

"Sasa?"

"Luzia anasema kwao hizi ngoma kubwa ziko mbili. Moja, ile kubwa kabisa, inapiga kwa mbili. Ingine, ndogo yake, inajibu kwa moja. Zinaongea. Njo ile kazi yako. Miaka yote ulikuwa unajibu."

"Nilikuwa namjibu nani?"

Kalenga akacheka kwa mara ya kwanza siku ile. "Njo vile nakuambia. Hakuna mutu aliuliza."

Sitawadanganya kwamba nilisimama palepale kama muungwana. Nilikaa. Nilifikiria zile hoteli zote, wale kamba wote. Nilitaka kumwambia Kalenga kwamba ustaarabu wake ule ulimponza mwenyewe, kwamba angeniambia tungali vijana sasa hivi nyimbo zingekuwa zimekwisha kurekodiwa na mikono yake mizima. Lakini mikono ilikuwa kwenye beseni, na maji yalikuwa yanapoa. Nikainuka, nikaisukuma surdo kubwa mpaka kwa Luzia. Nikachukua ile ndogo iliyokuwa kwenye kona tukiiwekea makoti, nikaipangusa ngozi kwa ndani na kitambaa chenye unyevu, nikaketi upande wa kushoto. Luzia akanipigapiga mgongoni kama ng'ombe aliyekubali kuingia zizini.

Tukaanza. Alipopiga kishindo chake kwenye mbili na mimi nikajibu kwenye moja, nilisikia sakafu imekuwa pana. Sina maneno mengine. Kipigo changu kilikuwa kilekile, sikukibadilisha hata kidogo, ila sasa kilikuwa kinasemeshwa. Kalenga akainua kichwa, akatabasamu, vidole vikakimbia. Wimbo wa kwanza ukaingia. Wa pili ukaingia. Thabo nyuma ya kioo hakuthubutu hata kumeza mate. Tulikuwa tunakimbizana na alasiri, na tunakimbizana na maji yaliyopoa.

Katika wimbo wa mwisho, pale pazuri kuliko pote, mkono wake wa kulia ulisimama. Niliona. Vidole viwili vilijikunja vikabaki hivyo. Akauteremsha mkono mapajani, taratibu, na wa kushoto ukafuata.

Desturi yetu studioni ni kwamba huachi kupiga mpaka kiongozi akutazame. Kalenga hakututazama. Alikuwa ametazama funguo za kinanda. Luzia akanikodolea macho, mimi nikamkodolea, tukaendelea. Yeye kwenye mbili, mimi kwenye moja. Zilikuwa ngoma mbili tupu na pumzi za watu. Nilikuwa nasema moyoni, rudi, rudi, usiishie hapa, na machozi yananitiririka, na vumbi la kusingizia halikuwepo. Tulikwenda hivyo muda mrefu kuliko mtu yeyote anavyoruhusu kwenye rekodi. Kisha mkono wa kushoto ukapanda peke yake, ukaupiga ule wimbo kwa noti chache, moja moja, mpaka mwisho.

Thabo akainua mkono. Mwishowe akauliza kama turudie. Kalenga akamwonyesha tu ule mkono wa kulia. Siku ya pili haukufunguka kabisa, na hajapiga kinanda tena tangu hapo.

Kwa hiyo rekodi ikatolewa ilivyo, kwa jina lake, picha yake kwenye jalada amevaa suti aliyojishonea. Ikawekwa mtandaoni huko mnakosikilizia nyie. Meneja wa hoteli moja alimpigia Thabo kulalamika kwamba rekodi hii haina ladha ya Brazil, akamsihi amrudishe yule Tonho. Lakini wajuzi wa muziki waliipenda, na walichokipenda zaidi ni ule ukimya wa kinanda. Waliuandikia kurasa. Walisema ni ujasiri, ni kujinyima, ni falsafa ya mtu aliyekomaa. Mimi nilisomewa nikasema alhamdulillahi, kumbe hata baridi yabisi ina wapenzi.

Tukaitwa kwenye redio moja, mimi na Kalenga. Mtangazaji, binti mpole, akamuuliza ni nini kilichomfanya aamue kunyamaza pale. Nilishika kiti. Nilijua Kalenga hapendi kuonewa huruma, na nilijua pia kwamba mbele ya watu hasemi uongo.

Akafikiri. "Huyu vieux alikuwa anajibu peke yake miaka mingi," akasema, akinielekezea kidevu kwa sababu mikono ilikuwa mfukoni. "Nilinyamaza asikie ule mwenye kumuuliza."

Binti akasema ni jibu zuri sana. Na kama mtaitafuta ile rekodi ya kipindi mtanisikia napenga kamasi.

Tulipotoka nje upepo ulikuwa mkali. Kalenga akasimama mbele yangu kwenye kibaraza, koti wazi, koti ambalo alilikata na kulishona yeye mwenyewe, matundu ya vifungo kayatia uzi kwa mkono. Hakuniomba. Alisimama tu akitazama robot ya barabarani, inageuka nyekundu, inageuka kijani. Nikamsogelea nikaanza kumfunga vifungo kuanzia chini.

"Umeruka moja," akaniambia palepale.

Nikafungua, nikaanza upya.